Kijiko cha Kwanza

Katika Hoteli ya Tredwell, mjini Nakuru, mwaka wa 1954, hakuna mgeni aliyeinywa supu kabla mpishi hajaionja mbele ya macho yake. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini ilitekelezwa kwa uaminifu kuliko nyingi zilizoandikwa. Mpishi aliingia na bakuli, akasimama hatua mbili kutoka mezani, akachota kijiko kimoja, akameza, kisha akasubiri dakika moja huku akitazamwa. Asipoanguka, chakula kiligawiwa.

Mpishi huyo aliitwa Darweshi. Alikuwa mzaliwa wa Malindi, mwembamba, mwenye mvi chache alizozipanga vizuri, na alikuwa na imani mbili zisizotikisika: kwamba Mungu ni mmoja, na kwamba uma hukaa kushoto. Tangu serikali itangaze Hali ya Hatari dhidi ya waasi wa Kikuyu, mapigano yalikuwa msituni, ng'ambo ya milima ya mashariki, lakini hofu ilikuwa imehamia mjini. Katika hoteli ya Bwana Tredwell ilikuwa imechukua vyumba vyote ishirini, na haikulipia hata kimoja. Watalii waliokuja zamani kutazama heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wa ziwani, sasa walikwenda kutazama ndege wa nchi nyingine, wasiokuwa na waridi wala waya wa miiba.

Ndiyo maana Jumatatu ile ya mwezi wa Mei, garimoshi liliposhusha mgeni mmoja mwenye darubini shingoni, Bwana Tredwell alimpokea kwa mikono miwili kama aliyepokea mvua.

Mgeni aliitwa Bibi Halvorsen, kutoka Norwe. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye viatu vya kiume na macho ya mkaguzi wa shule. Chama cha wapenzi wa ndege kilikuwa kimemtuma mbele aangalie nchi. Akiandika barua nzuri, wanachama kumi na wanane wangekuja mwezi wa Julai kwa majuma matatu. Akiandika mbaya, wangekwenda Uhispania.

"Waya ule ni wa nini?" aliuliza langoni, kwa Kiingereza chake cha taratibu.

"Fisi," alisema Bwana Tredwell.

"Na bastola hiyo kiunoni?"

"Nyoka."

"Na watumishi wako wengine wako wapi? Kitabu cha hoteli kinasema kumi na wanne."

"Likizo."

"Wote pamoja?"

"Ni nchi yenye likizo ndefu, bibi."

Ukweli ni kwamba walibaki wawili: Darweshi, aliyepika na kuandaa meza, na Kiprugut, askari wa lango. Wengine walipakiwa kwenye lori mwezi uliopita, kwa kosa la kuzaliwa Wakikuyu. Wa mwisho kupakiwa alikuwa Ngigi wa mezani, aliyekuwa akipokezana na Darweshi kazi ya kuonja. Kanzu yake nyeupe ilikuwa ingali kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko.

Chakula cha jioni kilipakuliwa saa kumi na moja na nusu, kwa kuwa watumishi walitakiwa wawe nje na milango iwe imefungwa ifikapo saa kumi na mbili. Darweshi aliingia na supu, akasimama hatua mbili, akachota, akameza.

Bibi Halvorsen aliushika mkono wa kiti. "Samahani. Kwa nini anakunywa supu yangu?"

Bwana Tredwell, aliyekuwa amesimama karibu, alitabasamu haraka mno. "Ah! Hiyo ni mila. Mila ya watu wa hapa, ya kale sana. Mgeni wa heshima hutanguliwa na mpishi kwa kijiko cha kwanza."

Darweshi, aliyejifunza Kiingereza kwa miaka ishirini nyuma ya viti vya watu, nusura apaliwe na mila hiyo.

"Inapendeza mno!" alisema Bibi Halvorsen, akatoa daftari. "Na huitwaje kwa lugha yenu?"

Darweshi alimtazama bwana wake, kisha akaitazama supu. "Kijiko cha kwanza, memsahibu."

Bibi Halvorsen akaliandika jina hilo, akapiga mstari chini yake.

Jikoni, Bwana Tredwell alimbana mpishi wake kati ya sinki na meza. Alitumia Kiswahili kile cha masetla, kisicho na nasaba kwa upande wowote. "Sikia. Ile mama nakaa mpaka Ijumaa. Yeye andika barua mzuri, watu kumi na nane nakuja. Yeye andika mbaya, mimi funga hoteli, wewe kwenda. Kila chakula, wewe onja. Kila siku. Mila."

"Bwana, mwezi ukiandama leo, kesho ni Ramadhani. Mchana sili."

"Mwezi naweza kufanya nini kwa supu yangu?"

Darweshi, ambaye alikuwa na jibu refu la swali hilo, aliona saa imebaki dakika nne kufika kumi na mbili, akavua aproni.

*

Mwezi uliandama. Watoto wa Bondeni, mtaa wa Darweshi, waliupokea kwa kugonga debe, na Kuluthum, mkewe Darweshi, aliupokea kwa kupembua mchele wa daku. Mumewe alipokwisha kumweleza, hakuacha kupembua.

"Sema unaumwa."

"Mpishi anayeumwa, chakula chake kinatiliwa shaka mara mbili."

"Basi safiri. Msafiri ana ruhusa ya kula akalipa baadaye."

"Nisafiri niende wapi?"

"Kutoka hapa hadi hotelini ni maili mbili. Kwa mwendo wako ule, ni safari."

Masinde, karani wa posta aliyepanga chumba chao cha nje, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Alikuwa Mkristo kutoka Kakamega, na aliipenda Ramadhani kuliko Waislamu wengi wa mtaa ule, kwa sababu kodi yake ilijumuisha futari na haikujumuisha njaa.

"Usicheke, mwanangu," alisema Kuluthum. "Huyu akifukuzwa, utafuturu kwa barua za posta. Mwenyewe umeona: hoteli tatu zimefungwa, wapishi sita wako barazani wanacheza bao tangu mwaka jana, na wake zao wanauza ukwaju." Akamgeukia mumewe. "Mimi nasema ule. Mola ni mwingi wa kusamehe. Nani amewahi kuyasema hayo juu ya Mzungu wako?"

"Ngoja nimuulize Mwalimu."

Mwalimu Hemed wa msikiti alimsikiliza baada ya sala ya tarawehe, viatu mkononi. Aliuliza maswali mengi kuliko yaliyohitajika, hasa kuhusu yaliyomo ndani ya supu, kisha akatoa jibu lake.

"Mpishi mwenye haja huonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Hapo hajafungua. Akimeza, amefungua. Hata kama supu ni mbaya."

"Supu yangu si mbaya, Mwalimu."

"Sikusema ya kwako. Nimesema supu."

*

Siku iliyofuata, saa saba ya mchana, Darweshi aliingia na supu ya njegere. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa na leso iliyokunjwa mara nne. Alichota kijiko, akaugusisha ulimi, akageuka kwa adabu kubwa kuelekea ukutani, akatema.

Kijiko cha Bibi Halvorsen kililia kwenye sahani. "Kuna nini ndani yake?"

"Hakuna kitu, memsahibu. Njegere."

"Mbona umezitema?"

Darweshi alifikiri. Akisema ni kwa sababu ya saumu, ataulizwa ni mila gani inayomlazimisha mtu aliyefunga kula. Akinyamaza, supu ni sumu. Alinyamaza, na mgeni akala mkate mtupu.

"Wewe nataka ua mimi!" Bwana Tredwell alifoka jikoni. "Mtu akitema, mtu mwingine nafikiri nini? Hapana tema! Meza!"

Kiprugut alisikia yote kupitia dirisha, akaja na ushauri. Alikuwa Mkipsigisi aliyepigana Burma, mrefu, asiyeogopa chochote ila mkewe Chepkosgei. "Mzee Darweshi, hii maneno ni rahisi. Wewe unafunga, mimi sifungi. Mimi nitaonja. Burma nilikula nyoka, sembuse hii kuku yako."

Jioni hiyo Kiprugut aliingia ukumbini akiwa ndani ya kanzu ya Ngigi, iliyomfikia magotini. Alikunywa vijiko vitatu vya supu, akatikisa kichwa. Akachukua paja la kuku. "Bado sijajua," alisema, akachukua la pili. Alipofikia pudini alivuta kiti.

"Leo naona ninatanguliwa kwelikweli," alisema Bibi Halvorsen, akiwa amebakiwa na shingo na mbawa.

Bwana Tredwell hakucheka. Mlangoni alimwambia Darweshi jambo ambalo, kwa haki yake, lilikuwa na mantiki. "Kama askari nakufa, wewe napoteza nini? Wewe napika, wewe nakula. Kesho. Ama kwenda."

*

Jumatano, saa saba, Darweshi alisimama hatua mbili kutoka mezani. Supu ilikuwa ya nyama na bizari, aliyoitengeneza vizuri kuliko kawaida. Hakujua kupika vibaya, hata siku ambayo ingemfaa. Aliinua kijiko. Bwana Tredwell alikuwa kwenye kizingiti, mkono kiunoni.

Akameza.

Akangoja dakika yake. Katika dakika hiyo Gelle, Msomali muuza nyama, alikuwa kwenye dirisha dogo la kupitishia sahani, ameleta figo. Aliona yote, na hakuwa mtu wa kubaki na jambo peke yake mpaka lichache.

Kufikia alasiri, Bondeni yote ilijua. Mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa siri huitwa kobe, na watoto hawahitaji kufundishwa. Darweshi alipoingia mtaani jua likizama, kundi lao lilimpokea kwa debe lile lile lililompokea mwezi:

"Kobe kala supu, kobe! Kaingiza shingo, kobe!"

Alitembea katikati yao bila kuharakisha. Mlangoni alimkuta Kuluthum, amejifunga kanga kiunoni, akihutubia mtaa mzima.

"Anayetaka kuhesabu vijiko vya mume wangu aanze na vya mumewe! Gelle! Wewe mwenye mizani yenye kidole, njoo uniambie usoni!"

Gelle hakutokea. Kuluthum aliufunga mlango, akaketi, na hasira ikampungua kama maji ya mafuriko, ikiacha tope. Adhana ilikuwa imekwisha kuadhiniwa. Tende zilikuwa kwenye sahani. Darweshi hakuzigusa, aliona haya mbele ya tende.

"Kula," alisema Kuluthum. "Ni siku moja tu, utailipa. Hutakuwa wa kwanza."

"Nimeimeza huku nikitazamwa."

"Na nani?"

"Na Bwana. Na yule mama. Hutazama kila siku. Nikishameza nasimama dakika moja."

"Unangoja nini?"

Darweshi alizipanga tende upya, kubwa kulia, ndogo kushoto. "Wao ndio wanaongoja. Kuona kama nitaanguka."

Kuluthum aliishusha kanga kiunoni polepole. Miezi kumi na minane mumewe alikuwa akimwambia kuwa Wazungu wanataka aonje. Yeye alielewa kuonja kama kila mpishi anavyoonja, chumvi imekolea au haijakolea. Alikuwa hata amejisifia kwa majirani.

"Miezi kumi na minane, Darweshi?"

"Jumapili dakika mbili. Kwa sababu ya nyama ya kuoka."

Masinde, aliyekuwa akijimiminia uji, aliweka upawa chini.

"Nilipokwambia ule," alisema Kuluthum, "nilidhani utakula kama mtu anayekula. Sikujua umegeuzwa paka wa kupimia sumu." Akasogeza sahani karibu yake. "Mimi siiogopi njaa. Tumeishi nayo Malindi, naijua hata jina la mamake. Lakini kesho ukisimamishwa tena pale, usinirudie na uso huo. Fanya utakalofanya, ukiwa na mdomo wangu huu mkononi. Uazime."

*

Alhamisi ilikuwa siku ya barua. Bibi Halvorsen alikuwa ameona heroe asubuhi, maelfu yao, wakiwa wametanda ziwani kama shuka la bi harusi, na alirudi na mashavu mekundu. Aliweka karatasi kando ya sahani ili aandike baada ya kula. Bwana Tredwell, ambaye siku zote alisema anakula ofisini, safari hii alivuta kiti akaketi mkabala naye. Jambo jema hulindwa kwa karibu.

Darweshi aliingia na mchuzi wa kuku na wali. Aliweka bakuli mezani. Aliweka kijiko kando yake, kulia, sambamba na ukingo wa meza. Kisha alirudi nyuma hatua mbili, akafumbata mikono.

"Kijiko cha kwanza," Bibi Halvorsen alimkumbusha, kalamu tayari.

"Naam, memsahibu," alisema Darweshi, kwa Kiingereza alichokuwa amekipiga pasi usiku kucha. "Ni mila kubwa, na Bwana ameieleza vizuri. Ila alisahau sehemu moja. Mwezi huu ulioandama ni mwezi mtukufu. Mpishi hawezi kuichukua heshima hiyo. Katika mwezi huu, heshima ya kijiko cha kwanza ni ya mwenye nyumba."

Bwana Tredwell alimtazama mpishi wake, na mpishi wake alitazama ukuta, mahali palipokuwa na picha ya Malkia.

"Ah!" alisema Bibi Halvorsen. "Hilo linapendeza zaidi!" Akamsukumia bakuli.

Bwana Tredwell hakuwa na njia. Akisema mila hiyo haipo, hata ile ya juzi haipo. Alishika kijiko. Kijiko kikaanza kugonga bakuli, tititi, kama jino la mtu mwenye homa. Hapo ndipo mezani palipodhihirika jambo ambalo jikoni lilijulikana siku nyingi: mwenye hoteli hakuwa amekula chakula cha hoteli yake tangu Hali ya Hatari itangazwe. Aliishi kwa samaki wa makopo, aliyoyafungua mwenyewe, ofisini, mlango umefungwa kwa ufunguo. Makopo matupu aliyazika bustanini nyuma ya mawaridi, na mbwa waliyafukua.

"Ni kuku tu, Bwana," alisema Darweshi kwa upole, na kwa Kiswahili.

Bwana Tredwell alikiingiza kijiko mdomoni. Mashavu yakavimba. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Macho yake yalizunguka chumba chote yakitafuta pa kumeza, yasione. Akainuka, akaenda dirishani kwa hatua tatu, akatema juu ya mawaridi. Hakugeuka.

Bibi Halvorsen aliiweka kalamu chini. Alikuwa mwanamke wa kupenda ndege, si mpumbavu. "Hii si mila," alimwambia Darweshi.

Angeweza bado kusema ni mila. Watu kumi na wanane, majuma matatu. Barua ilikuwa kando ya sahani, tupu, na mgongo wa Bwana Tredwell dirishani ulikuwa ukimsihi. Darweshi aliutazama mgongo huo, akauhurumia kidogo, kwa kuwa hakuwahi kuuona ukimwomba kitu.

"Si mila, memsahibu."

"Ni nini?"

"Ni woga. Wanasema watumishi watawatia sumu. Basi mimi hula kwanza, wakanitazama. Mila yetu ni kumwekea mgeni chakula, akala, akashiba."

"Na umefunga?"

"Nimefunga leo. Jana nilikula, kwa amri."

Bibi Halvorsen alivuta bakuli kwake. Alipakua wali, akamwaga mchuzi, akala bila kuacha wala kumtazama mtu, mpaka bakuli likaonyesha maua yake ya chini. Akajipangusa mdomo.

"Ni kitamu sana," alisema. "Mpishi, nitakuambia jambo. Sikutumwa kuwatazama heroe. Heroe hawasomi magazeti. Chama kiliniambia: nenda ukaangalie kama wenyeji wana hofu, kama hawana, tutakuja. Jumatatu na jana nilikutazama wewe, mwenyeji, ukila bila hofu, nikafikiri nimepata jibu." Alikunja karatasi tupu. "Nilimtazama mwenyeji mmoja tu, nikamsahau yule wa dirishani. Samahani."

"Kwa hiyo hawaji."

"Hawaji."

"Hata mmoja?"

"Huenda mimi. Kwa ajili ya kuku huyu. Vita vikiisha."

Darweshi aliondoa sahani. Aliondoa pia kijiko cha Bwana Tredwell, akakiosha mara mbili.

*

Hoteli ilifungwa Jumatano ya wiki iliyofuata. Bwana Tredwell hakumtukana Darweshi, na hilo lilimshangaza kuliko tusi. Alimwita ofisini, palipokuwa na masanduku, akamlipa siku zake, na Darweshi akaomba barua ya sifa. Bila barua, mpishi katika mji ule alikuwa mtu yeyote mwenye kisu. Bwana Tredwell aliandika kwa muda mrefu, akafuta mahali, akatia sahihi.

Darweshi aliweza kusema Kiingereza lakini kukisoma hakuvuka orodha ya vyakula. Baada ya futari, Masinde alisogeza taa.

"'Darweshi amekuwa mpishi wangu kwa miaka minane. Ni msafi, hanywi pombe, haibi. Ni mkaidi katika mambo ya dini.'"

"Hiyo nayo ni sifa," alisema Kuluthum.

"'Kuhusu ladha ya chakula chake siwezi kusema lolote, kwa sababu sijakila tangu mwaka wa 1952. Lakini nathibitisha kwamba wote waliokila wangali hai.'"

Masinde alikunja barua. Kuluthum akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kanga, ikashindikana.

"Miaka minane! Mapambo yote yale, keki za ghorofa tatu, samaki wa kuvikwa limau kama bwana harusi, na shukrani uliyoandikiwa ni kwamba hukuua mtu! Ichane."

"Usiichane, Mama," alisema Masinde. "Mimi hupitisha barua za Wazungu kila siku, najua wanachoandikiana mwaka huu. Peleka Lanet. Kuna mwenye shamba la ng'ombe ameweka tangazo posta mara tatu."

Asubuhi yake Darweshi aliendesha baiskeli hadi Lanet, tumbo tupu, jua likiwa upande wa uso. Mwenye shamba na mkewe walitoka barazani. Mke alisoma barua. Alipofika mwisho alirudia mstari wa mwisho, kwa sauti, akamwonyesha mumewe kwa kidole, kama watu wanavyoonyeshana nyota.

"Wote?" aliuliza mume.

"Wote, Bwana."

"Anza leo."

Darweshi alivua kofia. Nyumbani kulikuwa na unga wa siku nane na kodi ya Masinde peke yake. "Ninashukuru. Kuna mambo mawili. Sionji chakula mbele ya watu. Kuonja ni kazi ya anayekula."

Walitazamana. Barua ilikuwa mikononi mwao. "Na la pili?"

"Nitaanza baada ya Idi."

"Baada ya nini?" alisema mke, na uso ukamwiva. "Huyu mtu ana kichaa! Anaomba kazi au anatupa sisi kazi?"

Mwenye shamba alikuwa ameugeukia moshi mweusi uliokuwa ukitoka dirishani mwa jiko, ambako chakula chake cha mchana, alichopikiwa na mkewe kwa mwezi wa pili sasa, kilikuwa kikiungua. Akautazama kama mtu anayesoma hukumu yake, akamuuliza Darweshi kwa heshima kubwa Idi yenyewe ni lini.